Jino Lililovunjika Si Mali ya Mwanafunzi

Kwa Mwalimu Mkuu Mohamednoor,
Shule ya Upili ya Wavulana ya Laga Dheer,
Kaunti ya Garissa.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Kosa wanalolifanya watu wengi, hata waliosoma, ni kudhani kwamba jino likivunjika shuleni ni mali ya mwanafunzi aliyekuwa nalo mdomoni. Sivyo. Mwanafunzi ni mtunzaji tu. Jino ni la baba yake, la baba zake wadogo, la binamu zake walioko Mandera ambao hajawahi kuwaona, na la wazee wa ukoo mzima kwa jumla. Vivyo hivyo, mkono uliolivunja jino hilo si wa yule aliyeunyanyua. Ni wa ukoo wake, na ukoo ndio utakaojibu. Nimeanza na jambo hili kwa sababu mwalimu wako wa ushauri nasaha, Bi. Kowsar, halijui, na kutokujua kwake kumeleta hasara ambayo nitaieleza taratibu, bila hasira, kama nilivyozoea kueleza mambo nilipokuwa mwalimu na baadaye mkaguzi wa shule.

Ninaandika kwa Kiswahili ili kila mjumbe wa bodi asome mwenyewe, asisubiri kutafsiriwa na jirani yake. Ninaandika pia kama katibu wa kamati ya wazee wa amani, ambayo unaifahamu vizuri kwa sababu huwa inakula kwako.

Tukio lenyewe unalijua, ila bodi huenda hailijui. Wiki iliyopita, kwenye foleni ya chakula cha mchana, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Guled, ambaye ni mjukuu wa marehemu dada yangu, alimpiga mwenzake Mustafe usoni kwa sahani ya bati. Jino la mbele likatoka. Mpaka hapo hakuna tatizo lolote. Mambo kama haya yana njia yake, na njia hiyo ilikuwapo kabla ya shule, kabla ya kaunti na kabla ya serikali. Tatizo ni yaliyofuata, na ninayaorodhesha.

1. Bi. Kowsar anauliza maswali.

Siku ya Jumamosi wazee wa pande mbili tulikaa ndani ya bwalo lako la chakula. Mikeka ilitandikwa, mbuzi alichinjwa, chai ya maziwa ya ngamia ikapita. Kikao kilikwenda vizuri mno. Mzee Jelle, mwenyekiti wetu, alizungumza tangu asubuhi hadi adhuhuri kuhusu ugomvi wa kisima uliotokea kabla wengi wetu hatujazaliwa, na hakuligusa jino hata mara moja. Hilo linahitaji ustadi, na vijana wa leo hawana. Tukakubaliana: upande wetu utatoa ngamia mchanga, na Guled ataondolewa shuleni hadi damu zipoe.

Tulipofika kwenye wali, Bi. Kowsar aliingia. Sitamsingizia: alivua viatu mlangoni, alisalimu vizuri, na aliniita Adeer, kama kijana mwenye malezi anavyomwita mzee. Kisha akasema:

"Adeer, Guled mwenyewe yuko wapi?"

Nilimjibu kwa upole. "Binti yangu, sisi sote wa upande huu ni Guled. Wale kule wote ni Mustafe."

"Sawa, Adeer. Basi kati yenu ni yupi hajala tangu juzi?"

Mheshimiwa, hakuna aliyeweza kumjibu, kwa sababu tulikuwa na wali mdomoni. Baadaye Mzee Jelle alisema aliacha kula kwa sababu nyama ilikuwa ngumu. Nyama haikuwa ngumu.

2. Akiuliza, anajibiwa.

Hili ni baya kuliko la kwanza. Swali lisilo na jibu huwa linapita kama upepo. Bi. Kowsar huwaketisha wanafunzi kwenye benchi lililo nje ya stoo ya vitabu, huwapa chai, hunyamaza, na wao huanza kusema. Kwa njia hiyo alipata mambo ambayo hakuna mzee aliyeyahitaji.

Bodi ielewe kwamba Guled ana kaka mkubwa, Ayanle, aliyevuka mpaka miaka kadhaa iliyopita na hajarudi. Hakuna anayejua alikoenda, na kila mtu anajua. Basi wanafunzi wakaanza kumwita Guled "Kamanda". Walimpigia saluti bwenini. Akiingia darasani, mmoja alijitupa chini ya dawati na kuziba masikio, na wengine wakafa kwa kicheko. Siku ya tukio Mustafe alikuwa nyuma yake kwenye foleni, akamgusa bega na kusema:

"Kamanda, tafadhali usilipue githeri. Wengine bado hatujala."

Foleni nzima ikacheka, na mpishi pia akacheka. Ndipo Guled alipogeuka na sahani.

Sasa nauliza, habari hizi zimemsaidia nani? Jino halikurudi mahali pake. Kesi yetu ilikuwa safi: sahani, jino, ngamia. Sasa ndani yake mna kaka, mna kicheko, mna hata mpishi, na mila haina kipimo cha mpishi.

Kuhusu Ayanle, niseme wazi kwamba wazee tulikwisha kulimaliza suala lake. Tulikubaliana lisitajwe. Mama yake, Sharifo, anayeuza maziwa sokoni, alikubali pia, kwa maana kwamba hakuulizwa. Mambo yakatulia kabisa. Kisha Bi. Kowsar akalitaja jina la Ayanle mbele ya kijana, waziwazi, akamuuliza kama anamkumbuka. Kijana akalia. Kabla ya swali hilo hakuwa analia. Mimi ni mkaguzi, na mkaguzi hulinganisha kabla na baada. Bodi itoe uamuzi yenyewe.

3. Ameruhusu suluhu isiyo na idhini.

Jumatatu aliwaketisha Guled na Mustafe kwenye benchi lilelile, wao wawili, bila mzee hata mmoja wa upande wowote. Habari za yaliyosemwa nimezipata kwa mjomba wa Mustafe, aliyekuja kunilalamikia akiwa ametahayari sana. Inasemekana Mustafe alianza hivi:

"Manze, mi nilikuwa nafanya jokes tu. Sikujua inakuuma hivyo."

"Ilikuwa inaniuma kila siku."

"Si ungesema?"

"Ningesemaje na nyinyi mnacheka?"

Mustafe akasema pole. Guled naye akasema pole ya jino. Mustafe akamwambia jino si shida sana, shida ni kwamba sasa akisema Mississippi kwenye somo la Jiografia dawati la mbele linalowa. Wakacheka wote wawili. Tangu siku hiyo wakawa wanakula pamoja.

Naomba bodi isimame hapa na kutafakari. Nani alimpa mvulana wa kidato cha tatu mamlaka ya kusamehe? Jino lile, kama nilivyoeleza, halikuwa lake. Amesamehe mali ya watu walioko hadi Mandera bila kuwapigia hata simu. Sasa tumebaki na mapatano ya wazee ambayo hayana ugomvi ndani yake, jambo ambalo sijapata kulisikia. Ngamia mchanga ameshafika. Wazee wa Mustafe wanaona haya kumpokea, wetu wanaona haya kumrudisha, na nimeambiwa yuko nyuma ya ofisi yako anakula ua wa shule.

4. Anaanza mapema mno.

Katika mkutano wa wazazi Bi. Kowsar alisema kwamba fujo shuleni huonekana kabla ya kutokea. Alisema mtazame mtoto anayeacha kula, anayekaa peke yake, ambaye alama zake zinashuka ghafla, anayekasirika kwa jambo dogo au kugawa vitu vyake. Akasema yeyote anayemwona mtoto kama huyo, awe mwalimu, mlinzi au mwanafunzi mwenzake, aseme mapema, na mtoto aitwe siku hiyohiyo, si kwa adhabu bali kwa kusikilizwa. Akasema pia kwamba mtoto akijua kuna mtu mzima mmoja tu shuleni anayemjali kwa jina lake, nusu ya kazi imeisha.

Niliandika haya yote kwa makini kwa sababu nilitaka kuyapinga vizuri.

Mheshimiwa, sisi huanza kazi damu inapoonekana. Utaratibu huu una faida kubwa: damu haina ubishi. Imeonekana au haijaonekana. Huzuni haina rangi, na mtu anaweza kuwa nayo akiwa amevaa sare kamili na soksi. Tukianza kukaa kwa kila mtoto aliyeacha kula, tutakula wapi sisi wenyewe? Tutawaacha lini ngamia wetu, biashara zetu na kesi zetu za kweli?

Na angalia madhara ambayo yameshaonekana. Muhula uliopita tulisikia kwamba vijana wa mabweni mawili wanataka kupigana. Tukaja upesi na magari mawili, wazee wa pande zote, na mbuzi nyuma. Tukakuta mwanafunzi mmoja alikwisha kumwambia Bi. Kowsar, na vijana wale wako uwanjani wanacheza mpira, mabweni yamechanganywa katika timu zote mbili. Refa alikuwa yeye mwenyewe, na filimbi yake, na buibui lake limejaa vumbi. Tulikaa ndani ya magari mpaka mpira ulipokwisha, kwa sababu hakuna aliyejua itifaki ya kushuka mahali ambapo watu hawajagombana. Mbuzi alirudi nyumbani. Hakuna mbuzi wetu aliyewahi kurudi kabla ya huyo.

Ukiliacha hili liendelee, itafika siku kamati ya amani itakosa kazi kwa sababu ya amani. Vijana tunaowafundisha usuluhishi watajifunzia wapi? Daktari hujifunza kwa wagonjwa. Huwezi kuwaponya wote halafu ukategemea kuwa na madaktari wazuri.

Kwa sababu hizo, kamati inaomba kwa heshima mambo yafuatayo.

(a) Bi. Kowsar ahamishiwe Lafey, mbali na hapa, au kama hilo ni gumu, abaki lakini afundishe Jiografia peke yake, somo ambalo halimuulizi mtu habari za nyumbani kwao.

(b) Benchi lililo nje ya stoo liondolewe. Wanafunzi wenye shida wasimame, kama ilivyokuwa zamani. Mtu aliyesimama huwa hana maneno mengi.

(c) Guled na Mustafe wasitishe urafiki wao mpaka wazee watakapokaa tena na kuwapatanisha kwa njia inayotambulika. Wakiweza kununiana kidogo kwa siku chache, hilo litarahisisha kazi yetu na litamwezesha ngamia kujua aendako.

(d) Endapo utulivu utaendelea, shule iandae walau ugomvi mmoja wa kiasi kwa kila muhula, usio na majeruhi wengi, ili ujuzi huu usipotee. Tarehe itangazwe mapema kwa sababu ya mbuzi.

(e) Kuondoka kwa Guled kuthibitishwe kwa maandishi. Nilimtoa shuleni jana Jumatano, kama kikao cha Jumamosi kilivyoamua, suluhu ya benchi au bila suluhu ya benchi. Yuko kwangu. Kesho baada ya swala ya Ijumaa atapanda lori la bidhaa kwenda Diff, kule mpakani, ambako adeer yake, yaani baba yake mdogo, anachunga ngamia. Hewa ni safi, hakuna foleni, hakuna wa kumcheka, na hakuna wa kumuuliza kitu. Kijana ameupokea uamuzi huu kwa nidhamu iliyotufurahisha sote. Hakulalamika hata kidogo. Jana jioni alikunja nguo zake mwenyewe bila kuambiwa, akauliza lori litaondoka kwa hakika au la. Huo ndio utulivu unaopatikana mtu akiachwa bila maswali.

Nimalizie kwa salamu. Uwasalimie walimu wote, wa dini na wa dunia. Umsalimie mlinzi wa lango ambaye hutufungulia haraka kila akiona mbuzi. Uwasalimie wanafunzi wa kidato cha nne, na uwaambie tunawaombea katika mtihani wao. Mpishi pia umsalimie, ila kidogo. Bi. Kowsar umpe salamu za dhati, kwani hatuna ugomvi naye. Ugomvi ungehitaji kikao.

Nabaki mimi, mtafutaji wa amani kwa utaratibu wake,

Duale Gelle,
Mkaguzi wa Shule mstaafu,
Katibu wa Kamati ya Wazee wa Amani.

Nyongeza:

Kama una nafasi ya kusoma sehemu moja tu ya barua hii, soma hii.

Baada ya kutia sahihi niliona barua inakosa ushahidi. Katika ukaguzi, dai lisilojaribiwa huwa halina uzito. Kwa hiyo nilimwita Guled sebuleni mbele ya Mzee Jelle, nimuulize swali, ashindwe kulijibu, nami niandike hapa kwamba maswali hayana faida. Nilichagua swali jepesi. Nilisema, "Diff utapokewa na nani?" Jibu ni adeer yake. Sote tunalijua.

Akanyamaza. Nikashika kalamu.

Kisha akasema, "Awoowe, niseme ukweli?" Awoowe kwetu ndiye babu.

Mzee Jelle akamwambia, "Sema tu wewe, chai inapoa."

"Kuna mtu hunipigia simu," akasema. "Anasema Ayanle ananisalimia. Anajua jina ambalo Ayanle alikuwa akiniita nyumbani, na hakuna mtu wa shule anayelijua. Ameniambia nikifika Diff nisiende kwa adeer. Nikae palepale lori linaposimama, atakuja kunichukua."

Akavua kiatu akatoa simu ndogo ya vitufe, akaiweka mezani kando ya barua hii.

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu wenzake walipoanza kumwita Kamanda. "Yeye alikuwa hanicheki, Awoowe." Nikamuuliza kwa nini hakutuambia Jumamosi, tulipokuwa tumekusanyika kwa ajili yake. Akasema hakuitwa. "Mwalimu aliniuliza kama kuna kitu kingine kinanisumbua. Nikamwambia nitamweleza Alhamisi. Nyinyi mkanitoa Jumatano."

Leo ni Alhamisi.

Mtu yule wa simu amehangaika miezi yote hiyo kutafuta njia ya kumfikisha kijana mpakani. Sisi tulimkatia nafasi kwenye lori kwa kikao kimoja, tukasoma na dua. Mzee Jelle hajasema neno tangu hapo, na wewe unamjua Mzee Jelle.

Nilikuwa nimeshaanza, nikaona vigumu kuacha. Nikamuuliza, "Wewe mwenyewe ulitaka kwenda?" Akasema, "Nilikuwa nangoja kama kuna mtu ataniambia nisiende."

Nimemwambia asiende. Sikuita kikao.

Nimemtuma mtu kwa mwenye lori, afute nafasi ile. Mama yake yuko njiani kutoka sokoni. Kijana ameketi hapa mbele yangu, anakula. Simu yake iko mfukoni mwangu. Imelia mara moja nikiandika, sikuipokea, kwa sababu sijui mtu kama huyo huambiwa nini, na ninajua nani katika shule yako atajua tuanzie wapi na tumwone nani. Maombi yote matano yafutwe. Benchi liongezwe la pili. Sina wakati wa kuandika barua upya, hivyo Mzee Jelle anazipiga picha kurasa hizi azitume kwa WhatsApp, na za mwanzo usizisome mbele ya bodi.

Guled ana mambo mengine ya kusema. Ameniambia atayasema kwa mwalimu wake.

Mtume Bi. Kowsar aje hapa leo.